Mwiba Usioambiwa Pole

Nimekuja na methali ambayo kila mmoja wetu ameisikia tangu utotoni, na pengine amepata kuitumia mwenyewe kumnyamazisha mtu aliyekuwa akilalamika: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sikusudii kuibatilisha methali hii, kwa kuwa wahenga waliitunga kwa ajili ya watu waendao makusudi katika madhara; bali nataka tuulizane kama tuna haki ya kumtupia mtu mnene methali hiyo, kama tufanyavyo kila siku, tukidhani kwamba unene wake ni mwiba aliojichoma kwa mkono wake, kwa ulafi na uvivu wake, na kwamba lau angekuwa na haya kidogo na azma kidogo angeuchomoa mara moja akawa kama watu wengine.

Katika karamu moja ya ukoo wetu, miaka si mingi iliyopita, nilimwona mama mmoja mnene, mtu mzima mwenye adabu zake, akinyoosha mkono kupokea sahani ya pili ya pilau, na kijana aliyekuwa akigawa chakula akamwuliza kwa sauti iliyosikika na wote waliokuwapo, "Shangazi, ile ya kwanza imekwenda wapi?" Watu wakacheka, na mama yule akacheka pamoja nao, kisha akairudisha sahani bila ya kuionja. Kicheko chake yeye, wala si cha wale wengine, ndicho kilichonisumbua moyo, kwa sababu kilikuwa kicheko cha mtu aliyekwisha kukubali hukumu ya kosa ambalo hakuna aliyelichunguza. Na ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani tuna ndimi mbili katika jambo hili: leo twamsifu mtu kwamba amenawiri na raha imemkubali, na kesho, mwili uleule ukizidi kidogo, twaufanya kichekesho.

Basi na tuanze na mwiba wenyewe. Mwiba uingiapo katika kidole, damu hukimbilia pale, ngozi ikawa nyekundu, pakapata joto, pakavimba, pakauma. Na dalili hizi nne Mrumi mmoja aliyeitwa Celsus alikwisha kuziandika katika karne ya kwanza ya kalenda ya Kizungu. Hali hiyo nitaiita mwako. Mwako kwa asili yake ni neema, maana ni jeshi la mwili likienda kumkabili adui, kusafisha uchafu na kutengeneza palipoharibika, kisha kurudi kambini. Balaa huja pale ambapo mwiba hautoki, au kila siku huingizwa mwingine mahali palepale, hata askari waliokuja kulinda wakafanya maskani ya kudumu na kuanza kuharibu mali ya raia waliowajia. Mwako wa namna hii hauna kishindo. Hufuka polepole kama moto wa makumbi ya nazi, moshi mwingi na miali hakuna, na nyumba hupata hasara kabla mwenye nyumba hajanusa kitu.

Maarifa ya zama hizi yametuonyesha kwamba mwako wa kufuka kama huo waweza kutokea ndani ya ubongo kwa sababu ya chakula. Sisemi homa ya uti wa mgongo, wala yale maradhi makali ya ubongo yaletwayo na vijidudu, yenye homa, degedege na kupotewa na fahamu. Huu ni mwako mdogo, wa kimya, usiouma hata kidogo, kwa kuwa nyama ya ubongo yenyewe haina neva za kuhisi maumivu; na wataalamu huutambua kwa darubini, kwa kemia, na kwa mashine za kupiga picha za ndani ya mwili. Mahali pake ni sehemu moja iliyo chini kabisa ya ubongo, iitwayo hipothalamasi, ambayo ukubwa wake ni kama lozi moja na uzito wake takriban gramu 4. Kijipande hiki ndicho kisimamiacho joto la mwili, kiu, usingizi na njaa. Mwaka 1940, huko Chicago, mabwana Hetherington na Ranson waliharibu kwa umeme sehemu ndogo za hipothalamasi za panya, na panya wale, waliokuwa na maumbile ya kawaida, wakanenepa kupita kiasi. Tangu siku hiyo ilipasa ijulikane kwamba njaa ina makao yake kichwani, na kwamba makao hayo yakidhurika, mwili wote hufuata.

Lakini ubongo hujuaje kiasi cha mafuta kilichowekwa akiba kiunoni na tumboni? Jawabu lilichukua miaka mingi kupatikana. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, nchini Marekani, waligunduliwa panya wadogo waliozaliwa na kasoro ya urithi, ambao walikula bila ya kukoma hata wakafikia uzito wa mara tatu ya ndugu zao. Miaka ya baadaye Douglas Coleman, wa maabara ileile, aliunganisha mzunguko wa damu wa panya mnene wa namna hiyo na wa panya mzima, na yule mnene akapunguza kula, asizidi kunenepa kama kwanza; ikawa dhahiri kwamba katika damu ya panya mzima mna mjumbe ambaye yule mwenzake amemkosa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, wakaupata urithi unaomtengeneza mjumbe huyo, naye akapewa jina la leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Leptini hutoka katika mafuta ya mwili yenyewe, husafiri kwa damu mpaka ubongoni, na habari aichukuayo ni moja: ghala ina akiba, yatosha, punguzeni kula.

Hapo watu wengi walifurahi, wakadhani kwamba dawa ya unene imekwisha kupatikana. Na kweli wapo watoto wachache mno duniani waliozaliwa bila ya leptini, ambao walipodungwa homoni hiyo njaa yao ya kutisha ilitulia na miili yao ikapungua. Lakini walipopimwa watu wanene wa kawaida, walionekana kuwa na leptini nyingi tele katika damu yao, na wengi wao walipoongezewa nyingine kwa sindano hawakupata faida kubwa. Mjumbe hauawi, wasemavyo wahenga, na huyu hakuuawa. Amefika salama mlangoni, amebisha hodi, amepaza sauti, lakini waliomo ndani hawamsikii. Nini kimewaziba masikio?

Jawabu moja kubwa lilitoka Brazil. Mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Campinas, Licio Velloso na wenzake walieleza jinsi panya waliolishwa chakula cha mafuta mengi walivyowashwa mwako ndani ya hipothalamasi zao, na jinsi mwako huo ulivyozuia ujumbe wa insulini, ambayo nayo, mbali na kazi yake ya sukari, huuarifu ubongo juu ya shibe. Miaka 3 baadaye Dongsheng Cai na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba panya waliozimiwa njia ya mwako katika sehemu hiyo ya ubongo walikingika na unene, ijapokuwa chakula chao kilikuwa kilekile kinachowanenepesha wengine. Ithibati hiyo ina uzito wake, maana iliondoa jambo moja tu, nalo ni mwako, na unene ukapata upinzani.

Hata hivyo mtu mwenye akili angeweza kusema kwamba huenda unene ndio unaotangulia na mwako ukafuata, kama michubuko ifuatavyo kiatu kinachobana. Hoja hii ilijibiwa mwaka 2012 na Joshua Thaler, Michael Schwartz na wenzao huko Seattle. Walipowabadilishia panya chakula, wakawapa cha mafuta mengi, waliona alama za mwako katika hipothalamasi katika muda wa siku 1 hadi 3, yaani kabla uzito haujaongezeka kwa kiasi cha maana, na katika juma la kwanza waliona dalili za kudhurika kwa seli zenyewe za neva. Nawaomba mzitafakari siku hizo. Katika viungo vingine vya mwili, kama ini na mafuta ya tumbo, mwako hufuata unene, ubongoni hutangulia. Kisha likaonekana jambo jingine la kustaajabisha: mwako ule wa mwanzo ulitulia, kana kwamba ubongo umejitibu, lakini panya walipoendelea kulishwa chakula kilekile ulirudi, na safari hii ukakaa. Wataalamu hao walitazama pia picha za ubongo wa binadamu, wakaona kwa watu wanene, mahali palepale, alama zinazofanana na kovu lililoonekana kwa panya.

Kwa nini mahali hapo, miongoni mwa mahali pote pa ubongo? Kwa sababu ya kazi yake. Ubongo umezungushiwa kizuizi madhubuti kisichoruhusu kila kilichomo katika damu kupenya. Lakini hipothalamasi, ili ijue hali ya sukari, mafuta na homoni, haina budi kuionja damu, na kwa hiyo kizuizi chake ni chepesi katika pembe moja, mithili ya dirisha la forodhani lililoachwa wazi ili karani akague kila kipitacho. Dirisha lipitishalo habari hupitisha na vumbi. Nyuma ya dirisha hilo wamo walinzi wa ubongo, seli ziitwazo mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizipambanua mwaka 1919. Kazi yao ni kuzunguka usiku na mchana kutafuta kijidudu au seli iliyokufa. Yakija mafuta ya kuganda kwa wingi usio wa kawaida, huamsha ndani ya walinzi hawa njia ileile ya tahadhari ambayo huamshwa na ngozi za bakteria. Walinzi wakapiga mbiu ya vita, wakamwaga sumu zao za kuulia adui, ilhali adui hayupo. Kilichopo ni chakula cha mchana.

Ndani ya hipothalamasi mna makundi mawili ya seli za neva, moja liwashalo njaa na moja liletalo shibe, na leptini hunyamazisha lile la kwanza na kulitia nguvu lile la pili. Mwako ukiwapo, ndani ya seli hizo huzaliwa protini zinazouzuia ujumbe usisomeke, na kundi la shibe hudhoofika. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliipeleka hoja hii mbele hatua moja: walipowapunguza au kuwatuliza walinzi wa mikroglia, panya walikula kiasi na hawakunenepa sana hata kwa chakula cha mafuta, na walipowaamsha walinzi hao kwa hila za maabara, panya wa chakula cha kawaida walianza kula zaidi na kunenepa. Panya hao hawakubadilishiwa chakula. Walivurugiwa walinzi tu.

Sasa tumrudie shangazi yetu na sahani yake. Ikiwa sikio la shibe limezibwa, ubongo wake humhesabu kuwa ni mtu mwenye njaa, ijapokuwa ghala ya mwili wake imejaa. Akijinyima chakula kwa majuma mawili na kupungua, ubongo uleule hupiga ukelele wa ukame: huzidisha hamu, huamuru mwili utumie nguvu kwa uchoyo, na huufanya kila mnuko wa maandazi uwe jaribu. Sisi tunaomtazama husema kwamba ameshindwa na nafsi yake. Kwa kweli amekuwa akishindana, peke yake na bila ya kushukuriwa, na chombo kilichoumbwa kumlinda asife njaa. Azma ina nafasi yake, nami siidharau. Lakini azma ni kitu cha saa, na njaa hubisha hodi usiku na mchana mwaka mzima.

Insafu yanilazimu kusema pia kwamba chakula walichopewa panya katika majaribio mengi kilikuwa na mafuta kupita kiasi, pengine kalori 6 katika kila 10, na kwamba picha za ubongo wa binadamu zaonyesha mwako na unene vikikaa pamoja bila ya kutosha peke yake kuthibitisha kipi kimezaa kipi. Urithi, usingizi, dhiki, umaskini na kazi za kukaa kitako vina sehemu yao pia. Lakini tunalo jaribio moja la binadamu linalotufundisha jinsi chakula kinavyoweza kulipita sikio la shibe. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi kwa majuma 4: majuma 2 vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na majuma 2 vyakula vya asili vilivyopikwa. Sahani za pande mbili zililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Katika siku za vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka kiasi cha gramu 900. Katika siku za vyakula vya asili wakapungua kiasi hichohicho. Watu walikuwa walewale, kwa azma ileile na haya ileile. Sahani ndiyo iliyobadilika.

Na sahani zetu zimebadilika. Uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 33 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na ule wa Tanzania Bara na Zanzibar wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha 28 katika kila 100. Kila pembe ya mji sasa ina karai la chipsi, kila duka lina soda na biskuti mlangoni kwa urefu wa mkono wa mtoto, na mzazi atokaye kazini jioni, amechoka, huona mfuko wa chipsi mayai una nafuu kuliko kuuchambua mchicha. Simlaumu. Wala sitawadanganya kwamba vya kale vyote ni salama, maana tui zito la nazi na samli, vipenzi vyetu, navyo ni mafuta ya kuganda, na wazee waliotufundisha kugawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, walijua kwamba hata kizuri hupata mpaka.

Yapo ya kutia moyo. Kwa panya waliorudishiwa chakula chao cha kawaida, kovu la hipothalamasi lilionekana likipungua. Huko Campinas, Eduardo Ropelle na wenzake waliona kwamba mazoezi ya mwili hupunguza mwako ubongoni mwa panya wanene, na wenzao wa mahali hapohapo wakaona mafuta ya mbegu za kitani na ya zeituni yakiutuliza. Basi dagaa, vibua, kunde, mbaazi na mboga za majani, ambavyo tumevifanya kuwa chakula cha mtu asiye na kitu, vinastahili kurudishiwa cheo chake mezani, na kutembea kwa miguu kusihesabiwe kuwa ni aibu ya asiye na gari.

Nawasihi wazazi, kwa kuwa mwako wa kwanza hutulia wenyewe ukipewa nafasi, msiwape watoto chakula cha karai na soda kila siku, mkakifanya cha sikukuu kuwa cha desturi. Nawasihi wenye mamlaka juu ya shule wakitazame kile kiuzwacho langoni wakati wa mapumziko, kwa macho yaleyale wayatazamayo maji ya kisima. Nawasihi matabibu wampokee mgonjwa mnene kama wampokeavyo mwenye shinikizo la damu, kwa dawa, shauri na subira, pasipo karipio.

Na sisi wengine wote, tuliokaa katika karamu tukicheka, tuna la kufanya lililo jepesi kuliko yote. Mwiba huu umechoma mahali ambapo mwenyewe hawezi kuuona wala kuuhisi, na pengine uliingia tangu utotoni, kwa chakula alichopewa na watu waliompenda. Mtu wa namna hiyo anastahili kuambiwa pole. Mkimkuta mezani, mpeni sahani yake kwa heshima, na mkipata nafasi, mwandalieni iliyo bora.